Mwaka Namelok Aliponenepa

Tulimzika Namelok wiki iliyopita kule Olasiti, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mjukuu wake mmoja, kijana anayefanya kazi mjini, alisimama kusoma habari za maisha ya bibi yake. Alisoma vizuri, bila kukwama. Akasema bibi alikuwa na nguvu tangu kuzaliwa, kwamba watu wa zamani walimsimulia jinsi alivyokuwa mtoto mnene, mwenye mashavu, asiyejua ugonjwa. Waombolezaji wakatabasamu kidogo, kama watu wanavyotabasamu msibani wanaposikia jambo jema. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kiti walichonipa kwa ajili ya miguu yangu, na niliposikia neno hilo, mnene, nilijikunyata pale kitini. Binti aliyekaa karibu nami akainama akaniuliza, "Bibi, unasikia baridi?" Nikamwambia ndiyo, nasikia baridi. Akanivua kitenge cha mabegani akanifunika upya. Ningemwambia nini? Kwamba kuna mwaka ambao unene wa mtoto yule ulikuwa shtaka, na mimi nilikuwa nikimwamsha asubuhi nikimtazama mashavu huku nikiomba yawe yamepungua? Waliolijua jambo hilo wamekwisha. Nimebaki peke yangu, na kwa kuwa nilijifunza kuandika ukubwani, pale misheni, naliandika kabla sijaondoka nalo.

Habari za ukoo wetu nitaziacha. Yatosha kusema kwamba nilikuwa sijavunja ungo dada yangu Naserian aliponiita nikamsaidie kulea mtoto. Alikuwa mke wa pili katika boma moja kwenye miteremko ya magharibi ya mlima Meru, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa juu ya migomba mpaka jua likomae. Wadachi, ndio Wajerumani, walikuwa wamekwisha kujenga ngome yao Arusha. Migomba iliyochomwa wakati wa vita vyao ilikuwa imeanza kuchipua, lakini ng'ombe waliochukuliwa hawakurudi, na mvua ya mwaka ule ilikuja ikagusa ardhi ikaenda zake. Shemeji yangu hakuwepo. Askari walimkuta mferejini wakamchukua kubeba mizigo, na hatukujua kama alikuwa Moshi au mbele zaidi au kama alikuwa hai. Boma lilibaki la wanawake. Kulikuwa na mke mkubwa, ambaye watu walimwita Mama Lemayan kwa jina la mwanawe. Kulikuwa na dada yangu. Na kulikuwa na mama wa shemeji, ambaye wote tulimwita Koko, maana kwetu koko ni bibi.

Wake wale wawili walikuwa wamejifungua karibu pamoja, mwezi mmoja haukupita kati yao. Mkubwa alipata mvulana, Lemayan, naye alikuwa amekwisha kuzika wavulana wengine kabla yake. Dada yangu alipata msichana, Namelok. Nilipofika watoto wote wawili walikuwa wakikaa bila kushikwa, na jambo la kwanza nililoliona nilipoingia nyumba ya mke mkubwa ni kwamba mtoto mmoja alikuwa na uso wa mzee. Lemayan alikuwa ameegemea ngozi, tumbo limetangulia mbele, miguu myembamba kama fito za kujengea, nywele zimekuwa nyekundu na chache. Hakulia. Alinitazama tu, akinifuata kwa macho kila nilipokwenda. Namelok wakati huo alikuwa anatambaa kuelekea jikoni, amejipaka majivu usoni, akicheka peke yake.

Kilichonitisha mwanzoni kilikuwa hiki: Lemayan ndiye aliyekuwa akila. Ng'ombe alikuwa mmoja tu anayekamuliwa, na maziwa yake yote yalikuwa ya mvulana. Koko alikuwa amesema hivyo tangu alipozaliwa, kwamba mwanamume hashibi kwa ziwa la mama, kwamba kilio chake ni kilio cha njaa ya mtu mzima. Akaanza kumpa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya mferejini, shingo ya mtoto ikiwa bado haijakaza. Kisha uji wa ulezi. Kisha ndizi alizozitafuna mwenyewe akamtia kinywani kwa kidole, kwa upendo mwingi, akimwimbia. Alipoanza kukaa akaamuru aachishwe ziwa kabisa ili asizoee udhaifu. Namelok hakuna aliyemharakisha. Msichana anangoja. Dada yangu hakuwa na maziwa ya ng'ombe wala ulezi wa kumpa, basi alimpa alichokuwa nacho, akanyonya na kunyonya, akala vipande vya ndizi vilivyobaki chunguni baada ya sote kula. Leo naweza kuyapanga maneno haya kwa utulivu. Wakati ule hakuna mtu bomani aliyeyaona hivyo, hata mimi. Tuliona tu kwamba aliyepewa kila kitu anakauka, na asiyepewa kitu ananenepa. Ukiwa ndani ya njaa, na mume hayupo, na umekwisha kuzika, jambo kama hilo halikuachi ulale.

Nyumba ya dada yangu ilikuwa ya mviringo, ya nyasi, moto katikati, mbuzi upande mmoja na kitanda cha ngozi upande wa pili, nyuma ya kizuizi cha fito. Mimi nililala nyuma ya kizuizi na Namelok kifuani pangu. Watu wazima wakikaa motoni husahau kwamba fito hazizuii sauti. Hapo ndipo nilipomsikia jirani mmoja, mwanamke aliyekuja kuomba moto, akimwambia dada yangu kwa sauti ya utani kwamba mtoto wake anang'aa kama wa nyumba yenye ng'ombe mia, anapata wapi? Dada yangu akajibu kwamba anapata kwa Mungu. Yule mwanamke akacheka, lakini hakuketi. Tangu siku hiyo nilipokwenda mferejini na Namelok mgongoni wanawake walinyanyua vibuyu vyao wakanipisha, hata kama walikuwa wametangulia. Walifanya hivyo bila neno baya. Laiti wangenitukana, ningejua la kufanya.

Kisha Koko akamleta mwaguzi. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye kibuyu cha vijiwe, na alikula ndizi zetu zilizochomwa kabla ya kuanza. Akatikisa kibuyu akamwaga vijiwe juu ya ngozi mara kadhaa. Sisi tulikaa mlangoni. Akavitazama muda mrefu, akasema kwamba ndani ya boma hili kuna anayekula mara mbili. Hakutaja jina. Akakusanya vijiwe vyake akaenda. Mama Lemayan alibaki akitazama chini. Koko aligeuza kichwa polepole mpaka macho yake yakamfikia Namelok, aliyekuwa mapajani pangu akinyonya kidole, na mimi nikahisi mkojo ukinitoka.

Baada ya hapo Koko alikuwa akipita kila asubuhi kuwashika watoto mikono. Alimminya Lemayan mkono juu ya kiwiko, akaja akamminya Namelok mahali palepale, akaondoka bila kusema. Nilianza kumvisha Namelok ngozi kubwa iliyomfunika mpaka vidoleni. Nilimpaka majivu usoni ili asing'ae. Nilimpa chakula kidogo, kisha nikaogopa asije akadhoofika kweli, nikamwongeza. Dada yangu alikuwa akimnyonyesha kwa kujificha nyuma ya mbuzi, kama mtu anayeiba. Alipungua mwenyewe, dada yangu, mifupa ya shingo ikatoka nje. Nilimwambia turudi Olasiti kwa mama yetu. Akaniambia kwamba tukiondoka Lemayan akifa, watasema tumekimbia na uhai wake, na watakuja kututafuta huko huko. "Tutakaa," alisema, "tukae tu kimya."

Siku moja alasiri nilikwenda kuchota maji, dada yangu akiwa shambani, Namelok nikamwacha amelala. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nilizunguka nyumba zote. Mama Lemayan alikuwa amelala na mwanawe, hajui kitu. Nyuma ya boma migomba inakwisha ghafla na ardhi inakatika, pana korongo lenye mawe chini na maji kidogo. Ukungu ulikuwa unashuka. Hapo ukingoni nilimwona Koko ameketi, miguu ameinyoosha, na Namelok mapajani mwake akicheza na shanga za shingoni mwake. Mikono yote miwili ya Koko ilikuwa imemshika mtoto ubavuni. Alikuwa hamtazami mtoto, anatazama chini.

Sikupiga kelele, kwa kuwa niliona nikimshtua mikono ile itafunguka. Nilitembea mpaka mbele yake, upande wa korongo, visigino vyangu karibu na ukingo, nikainamisha kichwa. Kwetu mtoto humsalimu mkubwa hivyo: unainamisha kichwa na mkubwa anakuwekea kiganja utosini. Hakuna mtu mzima anayekiacha kichwa cha mtoto kikining'inia bila kukigusa. Nilikaa hivyo nimeinama nikitazama miguu ya Koko, nyayo zilizopasuka, na vidole vinono vya Namelok vikivuta shanga. Nilihisi upepo wa korongo mgongoni. Nadhani nilikaa muda mfupi, lakini katika maisha yangu sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu kuliko pale. Mwishowe mkono mmoja ukamwachia mtoto, ukaja, ukanigusa kichwa. Ulikuwa baridi. Nami nikamnyanyua Namelok mapajani mwake kabla haujarudi.

Koko hakunizuia. Alianza kulia, bila sauti, machozi yakafuata mikunjo ya uso wake. Akasema, kama anaongea na korongo, "Wasichana wanabaki. Wavulana ndio wanaondoka. Nimezaa hivyo, na wake wa mwanangu wanazaa hivyo. Kwa nini?" Nikapita pembeni mwake mpaka nyuma yake, mbali na ukingo. Nikaondoka kinyumenyume mpaka kwenye migomba, kisha nikakimbia.

Nimelifikiria swali lile miaka yote. Juzijuzi hapa zahanati, nilipompeleka kitukuu kupimwa uzito, nesi alisema kama jambo la kawaida tu kwamba watoto wa kiume wakiwa wachanga ni dhaifu kuliko wa kike, huugua upesi zaidi, hukonda upesi zaidi, na mama wengi huwazidishia hatari kwa kuwaanzishia uji mapema wakidhani wana njaa. Akaandika uzito akaita mwingine. Nilibaki nimesimama pale nikimzuia aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu. Koko alikuwa ameona sawasawa. Macho yake hayakumdanganya hata kidogo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hakuna aliyekuwa akimlia wajukuu wake, na kwa kumkosa, hofu ikamjibu.

Nilimweleza dada yangu habari ya korongo. Hakulia. Alimfunga Namelok mgongoni mwake na tangu hapo hakumteremsha, alilima naye, alikata majani naye. Siku chache baadaye, mchana kweupe, Mama Lemayan alikuja nyumbani kwetu amembeba mwanawe. Hakuwa ameingia humo tangu siku ya mwaguzi. Lemayan alikuwa anatapika kila anachopewa, na ngozi yake ukiivuta ilibaki imesimama. Alikaa motoni. Wake wale wawili hawakutazamana. Nilitaka kutoka, lakini sikuona jinsi ya kupita kati yao.

"Ziwa langu limekauka tangu nilipoambiwa nimwachishe," Mama Lemayan alisema. "Wewe unalo. Mpe."

 Nilijua anachofikiri dada yangu kwa sababu mimi pia nilikuwa nakifikiri. Akifia kifuani pake, basi mwaguzi amesema kweli, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Akifa watasema ni mimi," akasema.

"Watasema."

"Na wewe utasema nini?"

 Mama Lemayan alimtazama mtoto. "Nitasema nilikuletea," alisema. "Kwa mikono yangu."

Dada yangu akamfungua Namelok mgongoni, akanipa, akampokea Lemayan. Mtoto hakujua tena kunyonya. Alifungua kinywa akakiacha wazi. Dada yangu akamkamulia maziwa matone matone ulimini mwake, kwa subira, na mama yake akamshika kichwa. Mimi nikiwa nyuma na Namelok nilisikia pumzi zao tu, na mbuzi wakitafuna.

Ikawa hivyo kila siku wakati Koko alipokwenda kuota jua upande wa pili wa boma. Lemayan aliacha kutapika. Akaanza kunyonya, kwa udhaifu, akipumzika katikati. Siku moja alimshika Namelok nywele akavuta, Namelok akalia, na wake wale wawili wakacheka pamoja, kisha wakanyamaza kama waliofumaniwa. Tulianza kuwa na matumaini, na matumaini yalinitia hofu kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza. Namelok alipungua kidogo. Koko alipomminya mkono asubuhi moja aliguna, na sikujua kama ameridhika au amejua.

Kisha ukaja ubaridi wa mlimani, ule unaoingia mifupani, na kikohozi kikapita boma kwa boma. Namelok alikohoa, akapona. Lemayan alikohoa, na asubuhi moja, kabla ya ng'ombe kukamuliwa, akawa hakohoi tena. Alifia mapajani kwa mama yake. Nilisikia kilio nikiwa nyuma ya fito na nikamwona dada yangu akisimama, akifunga ngozi yake vizuri, akijipaka mafuta usoni kama mtu anayekwenda safari. Aliniambia nimbebe Namelok na kwamba kama nikimwona ameshikwa nisimgeukie, nishuke moja kwa moja mpaka kwa mama yetu.

Wazee wa jirani walikuja. Waliketi uani kwenye vigoda vyao, na wanawake wakasimama kando ya ua. Yule jirani aliyewahi kuomba moto ndiye aliyesema. Alisema ameona kwa macho yake mtoto akiingizwa nyumba ya mke mdogo mchana, siku nyingi, na akitolewa. Koko aliposikia hivyo aliketi chini palepale alipokuwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaguzi aliwaambia, na wao hawakusikia. Mzee aliyeketi katikati akamuuliza dada yangu kama ni kweli alimwingiza mtoto wa mwenzake ndani. Dada yangu akasema ni kweli. Mzee akauliza alimpa nini. Akasema maziwa yake.  Nilikuwa nimesimama karibu na njia ya kutokea, Namelok mgongoni, nikihesabu kichwani ni wapi nitaruka mfereji. 

Mama Lemayan alitoka nyumbani mwake. Alikuwa amekwisha kunyolewa kichwa kwa msiba. Hakwenda kwa wazee, alikuja moja kwa moja kwangu, na nikafikiri amekuja kumchukua mtoto ampeleke mbele yao. Nilirudi nyuma. Akaniambia, "Nipe." Nikamtazama dada yangu. Dada yangu akatikisa kichwa kukubali, ingawa midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Nikafungua ngozi, nikampa.

Akaenda naye katikati ya uwanja, akaketi chini mbele ya wazee, akajifunua kifua akamweka Namelok kwenye ziwa lake lililokauka. Namelok alikuwa na njaa, akashika akaanza kuvuta.

"Mwanangu nilimpeleka mimi," Mama Lemayan alisema. "Yule alimpa alichonacho, mtoto wake akiwa anatazama. Kikohozi ndicho kilichomchukua. Kama huyu anakula watu, na anianze mimi."

 Tulisikia Namelok akivuta na kuachia, akivuta na kuachia, na ziwa halina kitu. Mwishowe akakasirika akaanza kulia, kilio cha mtoto yeyote aliyekosa maziwa, na mzee mmoja akacheka puani, bila kutaka. Yule wa katikati akainuka akasema watu wakamzike mtoto. Wakaenda. Jirani akaenda. Koko alibaki ameketi chini, na Mama Lemayan, akiwa bado na Namelok mkononi, ndiye aliyemshika mkwewe kwapa akamnyanyua.

Shemeji alirudi mvua zilipoanza, amekonda, begani ana kovu la mizigo ya Wadachi. Nilikuwa na hofu mpya ya siku atakayosikia, lakini aliyemweleza ni mke wake mkubwa, na alipomaliza hakuna aliyelizungumza tena. Mwaka uliofuata Mama Lemayan akajifungua tena, mvulana. Nilikuwepo. Koko aliingia amebeba kibuyu cha maziwa ya ng'ombe, macho yanang'aa, akasema mwanamume amekuja na njaa yake. Mama Lemayan alikipokea kibuyu kwa heshima, kwa mikono miwili, akakiweka chini upande wa pili.

"Huyu nitamlea kama msichana," akasema. "Atangoja."

Akangoja. Alinyonya mpaka alipoweza kukimbiza mbuzi, na siku ambazo mama yake alikuwa hana cha kutosha alimpelekea dada yangu, naye Namelok akasogea pembeni kumpisha. Alikuja kuwa mtu mrefu kuliko wote katika miteremko ile. Mimi mwenyewe nilizaa wavulana. Kila nilipojifungua, wanawake walikuja na uji na nasaha zao, wakiniambia mwanamume anataka kushiba, na kila mara woga wa mwaka ule ulinipanda kutoka miguuni. Niliwapokea, nikawashukuru, uji nikaunywa mwenyewe. Walipouliza mtoto nitampa nini nikawajibu kwamba mpaka atakapotembea, nyumba hii haina mvulana.